Majina Mawili Kwenye Mkataba wa Kiwanja

Watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa wakinunua kiwanja, wakajenga na baadaye wakafarakana, swali la kwanza mbele ya sheria ya Tanzania huwa si nani aliyetoa fedha, bali kama wawili hao ni mke na mume. Jibu lake ndilo linaloamua kifungu gani kitasomwa na ushahidi wa aina gani utahitajika, na swali la nyumba yenyewe husubiri nyuma. Nimelifikiria sana jambo hili tangu mimi na mchumba wangu tulipoanza kutafuta kiwanja upande wa Kibaha. Kadiri nilivyosoma na kuwauliza mawakili, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba wapenzi wasiofunga ndoa hawapaswi kuiachia sheria ya ndoa kazi ambayo kurasa mbili za makubaliano zingeifanya mapema, kwa amani, na bila mtu yeyote kuulizwa hadharani alikuwa analala wapi.

Wanaoishi hivi si wachache, wala si watu wasiojiheshimu. Yuko anayesubiri kumalizia mahari. Yuko ambaye dini yake na ya mwenzake hazijapatana. Yuko aliyeachana na mke wa kwanza kwa maneno tu, bila talaka. Na wako wengi walioamua kwamba ndoa itafungwa nyumba ikiisha, kwa sababu fedha za ukumbi na fedha za saruji hutoka mfuko mmoja. Vijana wanaiita sogea tukae, wazee wanasikitika, maisha yanaendelea. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na wawili wanaopiga hesabu ya kodi hiyo kwa makini hawakawii kuanza kuulizia viwanja Chanika, Kigamboni au Bunju. Uamuzi huo ni wa busara. Hofu yangu inaanza pale wanapofika ofisi ya serikali ya mtaa na jina moja tu likaandikwa.

Kila nilipolizungumza jambo hili na marafiki zangu, nilijibiwa kwa utulivu kwamba hakuna tatizo, kwa kuwa ukishakaa na mtu miaka miwili sheria inakutambua kama mke wake. Imani hii imeenea sana, na ina mzizi wa kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watambulike kuwa ni mke na mume, itachukuliwa kwamba wamefunga ndoa ipasavyo. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba dhana hiyo inaweza kukanushwa. Miaka miwili peke yake haimpi mtu ndoa wala haimpi nyumba. Inampa nafasi ya kusimama mahakamani na kuanza kuthibitisha, na mwenzake ana nafasi ileile ya kuleta mashahidi wa kusema kwamba huyu alikuwa mgeni wa kuja na kuondoka, au mpangaji, au mzazi mwenza tu.

Ushahidi unaohitajika hapo ni wa maisha ya ndani kabisa. Mjumbe ataulizwa aliwafahamuje. Majirani wataulizwa kama mlikuwa mkiitana mama fulani na baba fulani. Kadi ya kliniki, fomu ya shule ya mtoto na fomu ya bima ya afya kazini, ambako mtu hutakiwa kuwaandika wategemezi wake, zote zitaletwa mezani. Na yote haya yanaweza kuporomoka kwa jambo moja: kama mmoja wenu bado yuko ndani ya ndoa nyingine inayomzuia kuoa au kuolewa, dhana haina pa kusimama. Mwanamume mwenye ndoa ya mke mmoja, kama ile ya kanisani, hawezi kisheria kuoa mwingine kabla ndoa hiyo haijavunjwa, na mwanamke aliyeolewa hawezi kuolewa tena. Sheria haiwezi kudhania kwamba mmefunga ndoa ambayo yenyewe inaikataza.

Hili la mwisho ndilo lililomkuta shangazi yangu. Aliishi Morogoro na mwanamume aliyekuwa fundi wa magari, wakazaa watoto, wakanunua kiwanja Kihonda na kujenga kidogokidogo kama watu wengi wanavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, kupaua pale mchezo wa kupeana ulipomfikia. Shangazi alikuwa mama lishe. Fedha ya nondo za lenta ilitoka kwenye masufuria yake, na mafundi walikula kwake bila kulipa kwa muda wote wa ujenzi, jambo ambalo kila mwenye kujenga anajua thamani yake. Mkataba wa kununua kiwanja ulikuwa na jina la mwanamume peke yake, kwa sababu siku ya kuandikishana shangazi alikuwa sokoni.

Mwanamume alipofariki, shangazi alikaa kwenye mkeka wa wafiwa tangu siku ya kwanza hadi matanga yalipoanuliwa. Hakuna aliyemhoji. Kisha kikafanyika kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho, ambao nimeusoma kwa macho yangu, ulimtaja kwa maneno manne: mzazi mwenza wa marehemu. Ukoo ulikuwa na cheti cha ndoa ya kanisani iliyofungwa Singida, na ndoa hiyo haikuwahi kuvunjwa. Watoto wa shangazi walipewa fungu lao, na hilo ni jambo la haki, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachostahili. Yeye mwenyewe alitoka na vyombo vyake vya ndani.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi katika fikra zangu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa na kinga nyepesi. Kama mkataba wa kiwanja ungekuwa na majina mawili, na hisa ya kila mmoja ikatajwa, sehemu ya shangazi isingekuwa mali ya marehemu hata kidogo. Ukoo ungerithi sehemu ya ndugu yao, na swali la kama yeye alikuwa mke au la lisingegusa sehemu yake. Hii ndiyo tofauti kubwa ninayoiona kati ya mtu anayedai kama mke na mtu anayedai kama mmiliki mwenza: wa kwanza anathibitisha mapenzi, wa pili anaonyesha karatasi.

Sitaki kuonekana kwamba nasema mahakama zetu hazina huruma kwa watu wa namna hii. Kifungu cha 160 kina sehemu ya pili ambayo wanaoitegemea miaka miwili mara nyingi hawaifahamu. Hata pale dhana ya ndoa inapokanushwa, mwanamke anayethibitisha kwamba kweli waliishi pamoja kama mke na mume kwa miaka miwili au zaidi anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine kama zile ambazo ingetoa baada ya kuvunja ndoa halali. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililomo katika taarifa za maamuzi ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mgawanyo wa mali iliyochumwa na wawili hao katika uhusiano wao ni mojawapo ya nafuu hizo. Huo ni uamuzi mkubwa, na wakili yeyote anayemtetea mtu aliyeishi kinyumba huanzia hapo.

Hata hivyo, kufika kwenye mgawanyo si kupata nusu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaielekeza mahakama kuangalia kiasi ambacho kila mmoja alichangia kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, pamoja na madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii husika. Tangu shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango, na wanawake wengi wa nchi hii wana deni la shukrani kwa uamuzi ule. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe ili ajenge nyumba ya familia alizitapanya. Kanuni ilimfaa kila mtu aliyekuja baada yake, na shauri lake likashindwa kwa ushahidi. Mambo ya mali huamuliwa kwa kilichothibitishwa, na kuthibitisha mchango wa miaka kumi iliyopita, wakati risiti zimefutika wino na fundi aliyepokea fedha amehamia Mwanza, ni kazi ngumu kwa yeyote.

Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano ulio wazi zaidi. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi katika shauri la watu wanaotambulishwa kwa herufi tu, MNK na POM. Mwanamume alidai kwamba walianza kuishi pamoja mwaka 1986, na kwamba mali iliyoko Dagoretti, Nairobi, waliipata kwa jasho la wote wawili, ingawa hati ilikuwa na jina la mwanamke. Mwaka 2011 mwanamke alimfukuza. Mahakama Kuu ilikataa kwamba kulikuwa na ndoa. Mahakama ya Rufani ikasema ndoa ya kudhaniwa ilikuwepo, ikaagiza mali igawanywe nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikapindua hoja hiyo ya ndoa, kwa sababu mwanamke alikuwa bado ameolewa na mtu mwingine na hakuwa na uwezo wa kuolewa tena, lakini haikumwacha mwanamume mikono mitupu. Ilisema kwamba mwenye jina kwenye hati alikuwa ameishika sehemu ya mali hiyo kwa amana ya mwenzake aliyechangia, kisha ikagawa asilimia 70 kwa mwanamke na asilimia 30 kwa mwanamume.

Nausifu uamuzi ule kwa sababu ulitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja kwa muda mrefu: uhalali wa uhusiano na haki ya mtu katika kitu alichokigharamia. Mahakama ilisema pia kwamba ndoa ya kudhaniwa iwe jambo la nadra na si kanuni, na ikaliomba Bunge litunge sheria ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa. Tazama lakini njia iliyopitiwa. Hukumu tatu zilitoa majibu matatu, kwa zaidi ya miaka kumi tangu kufukuzwana hadi tamko la mwisho, na katika muda wote huo maisha ya faragha ya watu wawili yalikuwa yakijadiliwa na majaji. Tena aliyekuwa akililia haki yake alikuwa mwanamume. Wanaodhani kwamba hili ni jambo la kuwalinda wanawake peke yao wausome uamuzi huo upya.

Turudi ofisi ya serikali ya mtaa, maana huko ndiko viwanja vingi visivyopimwa hununuliwa. Mkataba wa mauziano huwa karatasi moja au mbili zilizochapwa stashonari ya jirani. Juu kuna jina la muuzaji na jina la mnunuzi, kila mmoja na picha ndogo iliyobandikwa. Chini kuna maelezo ya mipaka, kaskazini amepakana na fulani na mashariki kuna barabara, kisha bei kwa tarakimu na kwa maneno, majina ya mashahidi wa kila upande, dole gumba, saini na mhuri wa mwenyekiti. Nafasi ya mnunuzi kwa kawaida ina mstari mmoja. Hakuna sheria inayosema lazima uwe mmoja. Mwandishi wa mkataba ataandika alichoambiwa, na akiambiwa kwamba wanunuzi ni wawili ataandika wawili, ataomba picha ya pili, na kazi itakuwa imechukua dakika chache zaidi. Mchumba aliyebaki kazini au sokoni siku hiyo hujikuta upande wa mashahidi, au haonekani kabisa.

Kuna karatasi nyingine ambayo ningependa kila mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa aifahamu, nayo ni kiapo cha hali ya ndoa. Mmiliki anapotaka kuuza nyumba au kuiweka rehani benki, huulizwa kama ana mwenza, kwa sababu Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka mkopeshaji na mnunuzi afanye uchunguzi. Mtu aliyeoa akiapa kwamba hajaoa, ameapa uongo na anaweza kufuatiliwa. Lakini mtu anayeishi kinyumba akiapa kwamba hajaoa, amesema kweli. Nyumba inaweza kuuzwa au kuwekwa rehani huku mwenzake akiwa jikoni, na mnunuzi aliyefuata taratibu zote akawa hana kosa. Mwenye kuhofia hili, na ardhi ikiwa imesajiliwa, anaweza kuwasilisha zuio kwa Msajili wa Hati akieleza maslahi anayoyadai katika ardhi hiyo, lakini hata hapo atalazimika kuonyesha maslahi hayo yametoka wapi.

Umiliki wa watu wawili nao una namna mbili, na watu wengi hutia saini bila kujua wamechagua ipi. Ya kwanza ni ile ambayo hakuna mwenye sehemu yake: wote wanamiliki kitu kizima, na mmoja akifariki, aliyebaki anakuwa mmiliki wa yote. Ya pili ni ya hisa, ambapo kila mmoja ana sehemu inayojulikana, na akifariki sehemu hiyo huenda kwa warithi wake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba, isipokuwa kwa idhini ya mahakama, namna ya kwanza ni ya wanandoa tu. Kwa wapenzi wasio na ndoa naiona namna ya pili kuwa ndiyo ya kweli zaidi, kwa sababu inasema nani ana kiasi gani bila kudhania chochote kuhusu uhusiano wao.

Lakini hisa ina tatizo lake wakati wa kifo, na hapa wengi hujisahau. Mwenzako akifariki, utajikuta unamiliki nyumba pamoja na mama yake, kaka zake au watoto wake wa nje. Wosia ndio unaosaidia. Kwa Mwislamu, wosia una mpaka wa thuluthi moja ya mali, na kwa kuwa mpenzi asiye wa ndoa si mrithi, thuluthi hiyo anaweza kuusiwa. Zungumzeni na mtu wa dini yenu na wakili, lakini zungumzeni mapema. Na kwa wale ambao mwenza wao si raia wa Tanzania, jambo ni jingine kabisa: kwa kawaida sheria yetu haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, hivyo fedha zake zikiingia kwenye kiwanja cha kuishi, jina lake halitaweza kuzifuata.

Mchumba wangu alisita nilipomwambia kwamba nataka tuandikishane. Aliniuliza kama nimeshaanza kufikiria kuachana. Nilimjibu kwamba tunaandikishana na mwenye nyumba tunayopanga, tunaandikishana na fundi wa madirisha, na kwenye kikoba kila shilingi ina saini, na hakuna hata mmoja kati ya hao tunayempenda. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba yeye ndiye alichangia zaidi kwenye bei ya kiwanja, na alikuwa anaona aibu kulisema. Tukatoa simu zetu, tukapitia miamala yote, tukakubaliana asilimia 60 kwake na 40 kwangu kwenye kiwanja, na kwamba ujenzi utahesabiwa peke yake katika daftari moja ambalo kila ukurasa unasainiwa na wote wawili: mifuko ya saruji, tripu za mchanga, posho ya mafundi, na tarehe ya kila muamala.

Wakili alituandikia makubaliano kwa Kiswahili, na mkataba wa mauziano ukabeba majina yote mawili pamoja na hisa hizo. Kipengele kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni cha kuachana. Tumekubaliana kwamba yeyote anayetaka kutoka atampa mwenzake taarifa ya maandishi, nyumba itathaminiwa na mthamini aliyesajiliwa ambaye gharama yake tutailipa kwa uwiano wa hisa, na anayebaki atakuwa na miezi sita ya kununua sehemu ya anayeondoka kabla haijatolewa kwa mtu wa nje. Tukizaa, nyumba haitauzwa mtoto akiwa chini ya miaka saba bila ridhaa ya wote. Wakili alitukumbusha kwamba siku tutakapofunga ndoa makubaliano haya yatahitaji kuangaliwa upya, kwa kuwa kifungu cha 114 kinaingiza kwenye mgawanyo hata mali ambayo mmoja aliimiliki kabla ya ndoa, ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja, na nyumba yetu bila shaka itakuwa bado inajengwa. Nakala moja iko ofisini kwa wakili, moja ninayo mimi, na moja amepewa kaka mkubwa wa mchumba wangu, ambaye ndiye ukoo wao humtuma kwenye vikao vya mirathi.